Harufu ya esansi ndani ya kombi: usiizoee

Ndugu mfanyakazi, na wewe mama unayepanda kombi siku ya Mungu pamoja na watoto, leo ukurasa huu unauliza neno moja tu: ukifungua mlango wa gari yenu asubuhi, pua yako inasema nini?

Wengi watajibu: "Ni esansi kidogo tu. Gari za zamani zote zinanuka vile." Sivyo. Gari nzima hainuki esansi, hata ikiwa na miaka hamsini. Ikinuka, kuna fasi esansi inavuja, ama kuna fasi inaingia kupita kiasi na haiungui yote. Na pua ina tabia mbaya: baada ya dakika chache inazoea, haikuambii tena kitu. Ndiyo maana mara nyingi wa kwanza kusikia harufu ni mgeni, au bibi yako anapoingia garini akitoka sokoni. Mtu huyo akisema "hapa pananuka", usimcheke. Zima moteri, angalia.

Tunasema juu ya kombi ya Volkswagen, ile yenye moteri nyuma, moteri isiyo na maji, inayopozwa kwa upepo. Kombi ya kwanza ilitoka kiwandani Ujerumani mwaka 1950. Ile yenye kioo kimoja kipana mbele ilianza mwaka 1967, na Wajerumani waliacha kuitengeneza mwaka 1979. Moteri zake ndogo zilikuwa na karburateri moja (jirani zetu wa mashariki wanasema kabureta). Lakini kuanzia Agosti 1971 kiwanda kilitoa pia moteri kubwa zaidi, ya 1700, kisha 1800, kisha 2000, nazo zina karburateri mbili za Solex, moja kuume, moja kushoto, kila moja ikilisha silinda mbili. Hizo za karburateri mbili ndizo zinazowasumbua watu zaidi, na ndizo tutakazozitazama.

CHUMBA KIMOJA, HATARI NYINGI

Fungua mlango wa moteri, simama kidogo, tazama bila kugusa kitu. Mbele yako kuna moteri. Nyuma ya ukuta mwembamba wa chuma kuna tangi la esansi, limekaa juu juu. Upande wa kuume, mle mle karibu na moteri, kuna batri. Katikati kuna delko yenye kurusha cheche maelfu kwa dakika. Chini kuna vyuma vya moshi vyenye kuwaka kwa moto. Sasa inua macho: juu ya chumba hicho ni mahali pa mizigo, na safari ikiwa ndefu, hapo ndipo watoto wanapotandikiwa godoro walale.

Mvuke wa esansi ni mzito kuliko hewa, mara tatu au nne. Haupandi kwenda zake kama moshi wa mbabula. Unashuka, unatambaa, unajaa ndani ya shimo la garaji na kukaa humo. Kwako wewe unayefanya kazi chini ya udongo jambo hili si geni: unajua gazi nyingine zinakaa chini, nyingine juu, na jicho halizioni. Tena esansi inatoa mvuke wa kuwaka hata katika baridi ya digri 40 chini ya sifuri, basi baridi ya asubuhi ya Kolwezi mwezi wa saba haikulindi hata kidogo. Na mvuke hauhitaji kuwa mwingi. Ukifika kama sehemu moja na nusu katika mia ya hewa, cheche moja inatosha.

Ukisikia harufu kali njiani, fanya hivi. Simamisha gari pembeni, mbali na watu na mbabula za wauza mahindi. Zima kontakti. Toa abiria wote, wale wa nyuma kwanza. Usiwashe sigareti. Usijaribu tena moteri "kuona tu". Kama hakuna moshi wala mwanga wa moto, fungua mlango wa moteri na uache hewa ipite dakika kumi au zaidi. Kisha, taa na redio zikiwa zimezimwa, ndipo ufungue waya wa batri, ule wa upande wa kutoa. Usianze na batri! Waya wa batri unaweza kutoa cheche unapoufungua, na batri iko katika chumba kile kile chenye mvuke. Usiku tumia tochi, na iwashwe kabla hujakaribia. Kiberiti na mshumaa hata visitajwe.

Je, moto ukishika? Usiufungue mlango wa moteri wote, maana unaupa hewa. Fungua kidogo, nafasi ya mdomo wa kizima-moto, pulizia poda chini ya miali. Usimwage maji: esansi inaelea juu ya maji na moto unasafiri pamoja nayo. Kuna jambo la pili ambalo wengi hawalijui. Moteri ndogo za kombi, zile za 1600, zina mwili wa magneziamu, na magneziamu ikishika moto, maji yanaichochea. Zile kubwa za 1700 mpaka 2000 ni za aluminiamu. Kizima-moto chako kikae mbele karibu na dereva. Kikiwa nyuma, siku ya kazi hutakifikia. Na ukiona moto umekushinda, rudi nyuma na uache gari iungue. Gari inanunuliwa.

HARUFU INAKUJA SAA GANI?

Fundi mwenye haraka anaanza kufungua karburateri mara moja. Fundi mzuri anauliza maswali kwanza, kama munganga anavyouliza: inauma saa gani? Kombi nayo inajibu, ukijua kuuliza.

Tuseme harufu inakuja baada ya kujaza tangi, au ukikata kona, kisha esansi ikifika nusu inaisha. Hapo karburateri haina kosa. Ni shingo la tangi, ule mpira unaounganisha mdomo wa kujazia na tangi lenyewe, ama ni mipira midogo ya kupumulia iliyo juu ya tangi, ama jwenti ya kifuniko. Mipira hiyo ikizeeka inapasuka, na mpasuko uko juu, kwa hiyo esansi haionekani mpaka tangi lijae. Watu wengi wanadanganyika hapa: wanasema gari imepona yenyewe, kumbe ni esansi iliyopungua. Kubadilisha mipira hiyo ni kazi ndefu, maana mara nyingi lazima moteri itoke kwanza. Kwa sababu hiyo fundi anaweza kukushawishi afunge mpasuko kwa kipande cha mpira wa ndani wa baiskeli. Kataa. Mpira wa baiskeli ukikutana na esansi unavimba na kulainika kama ugali wa maji, na baada ya wiki chache umerudi ulipokuwa, umepoteza na feza. Kama moteri inatolewa kwa sababu nyingine, clutchi kwa mfano, siku hiyo ndiyo ya kubadilisha mipira yote ya tangi.

Kama harufu iko siku zote, anza na tiyo za esansi. Zile za zamani zimevikwa kitambaa, na kitambaa ni mwongo: nje nyeusi na safi, ndani mpira umekwisha kukauka kama gome. Moteri ikiwa baridi, ikunje kila tiyo kwa vidole. Ikitoa mlio wa kuvunjika, au ukiona nyufa ndogo, au vidole vikitoka na unyevu, isibaki. Badilisha zote siku moja, kwa tiyo iliyotengenezwa kwa esansi, na kila mwisho ufungwe kwa koliye, si kwa waya. Kumbuka tangi liko juu: ukichomoa tiyo, esansi itashuka yenyewe hata kama moteri imezima. Uwe na kitu cha kuibana tiyo kabla hujaichomoa.

Kisha shika kile kimrija cha shaba kinachoingiza esansi ndani ya karburateri. Kwenye Solex nyingi kimesukumizwa tu ndani ya kifuniko, hakina nyuzi za parafujo. Baada ya miaka mingi ya joto na mtikisiko kinalegea. Kizungushe kwa vidole viwili, polepole. Kikicheza, gari isitoke. Siku kitakapochomoka, pompi itamwaga esansi juu ya moteri yenye moto, na wewe uko mbele unaimba, hujui kitu. Kombi nyingi zilizoungua ziliungua kwa njia hii. Na ile filitiri ndogo ya plastiki ambayo mafundi wanapenda kuitundika juu ya delko, iondoe hapo, iwekwe mbali na cheche na joto.

Usisahau kijiti cha kupimia mafuta. Kichomoe, kinuse. Kikinuka esansi, na mafuta yamepanda kuliko ulivyoyatia, basi ngozi ya pompi ya esansi imepasuka na esansi inashuka ndani ya mafuta, au karburateri moja inafurika na esansi inapita kando ya pistoni. Moteri ya namna hiyo inakula chuma chake yenyewe, maana mafuta yamekuwa maji. Usiiendeshe. Tafuta chanzo, kisha mwaga mafuta yote utie mapya.

Harufu inayokuja baada ya kuzima moteri ni ya karburateri. Na hapa kuna jaribio rahisi ambalo halitaki chombo chochote. Endesha moteri ipate joto, izime, ngoja dakika mbili, toa filitiri ya hewa, chungulia koo la karburateri ya kuume, kisha ya kushoto, kwa tochi. Koo liwe kavu. Ukiona esansi inadondoka kutoka kimrija cha katikati, sindano ya karburateri hiyo haifungi, kwa uchafu au kwa uzee, ama boya limetoboka na kuzama. Uzuri wa kuwa na karburateri mbili ni huu: ya pili inakuonyesha jinsi ya kwanza ilivyopaswa kuwa.

Mwezi wa kumi, kabla ya mvua, hata karburateri nzima inaweza kunuka kidogo ikizimwa, maana joto la moteri linapanda na kuchemsha esansi iliyo ndani ya bakuli. Lakini angalia kwanza ule mpira mrefu unaozunguka moteri na kuitenga sehemu ya juu na ya chini. Mafundi wengi wakiurudisha moteri wanauacha sakafuni. Bila mpira huo joto la vyuma vya moshi linapanda moja kwa moja kwenye karburateri na tiyo, na moteri yenyewe inavuta hewa iliyokwisha kupata moto.

Kama harufu ni ya asubuhi tu, pamoja na moshi mweusi, tazama starteri, yale mabati madogo yanayofunga koo wakati wa baridi. Kwenye Solex hizi yanafunguka yenyewe, kwa chemchemi inayopashwa joto na waya wa umeme. Waya ukichomoka upande mmoja, karburateri ya upande huo inabaki imefungwa siku nzima na kunywa esansi ya gari mbili.

KARBURATERI MBILI, MZIGO MMOJA

Fikiri watu wawili wanaobeba gogo la kutegemezea paa la mgodi. Mmoja akitangulia kuinua, mwingine anapata uzito wote. Ndivyo ilivyo kwa karburateri mbili. Moja ikifungua mapema, silinda zake mbili zinavuta, nyingine mbili zinavutwa. Gari inatikisika kwenye ralanti, inakula esansi, inanuka, na dereva anasema karburateri zimekufa, aende akanunue nyingine. Mara nyingi hazijafa. Hazisikilizani tu.

Lakini usiguse parafujo yoyote kabla ya kumaliza kazi nyingine. Valvu kwanza, moteri ikiwa baridi kabisa: kwenye moteri hizi kubwa ni milimita 0.15 kwa ya kuingiza na 0.20 kwa ya kutoa, ila fuata kitabu cha moteri yako kama kinasema vingine. Kisha platine, milimita 0.40. Buji, 0.7. Kisha avansi. Hapo ndipo karburateri zinafuata, za mwisho kabisa. Anayeanza na karburateri anarekebisha kosa la platine kwa parafujo ya esansi, na kesho anarudi palepale akiwa na makosa mawili.

Kabla ya kupima, toa buji nne uziweke mezani kwa mpangilio wake. Silinda ya 1 na ya 2 ziko upande wa kuume, ya 3 na ya 4 upande wa kushoto. Rangi ya kahawia hafifu ni nzuri. Zote nne zikiwa nyeusi za masizi, tafuta jambo linalogusa pande zote: filitiri ya hewa iliyoziba, au pompi yenye nguvu mno. Mbili za upande mmoja zikiwa nyeusi na mbili za upande mwingine safi, umekwisha kuipata karburateri yenye kosa, na hujalipa mtu. Zikiwa nyeupe upande mmoja, upande huo unavuta hewa ya wizi, kwenye jwenti iliyo chini ya karburateri au kwenye mhimili wa kipepeo uliolika.

Hewa ya wizi mafundi wengi wanaitafuta kwa kunyunyiza esansi juu ya moteri inayozunguka, wasikie kama inabadili sauti. Ndugu, huo ni wazimu. Tumia maji kwenye kichupa cha kunyunyizia, kidogo kidogo, mbali na delko na nyaya. Maji yakivutwa, moteri inabadili sauti vilevile.

Sasa washa moteri, itembeze gari dakika ishirini, starteri zote mbili ziwe zimefunguka kabisa. Chomoa kile kifimbo kinachounganisha karburateri mbili, ili kila moja isimame peke yake. Vifundo vyake vya mviringo vikiwa vimelegea, badilisha kwanza, la sivyo unapima kivuli. Chukua kipande cha tiyo chenye urefu wa mkono. Mwisho mmoja weka sikioni, mwingine weka kwenye ukingo wa koo la karburateri ya kuume. Utasikia hewa inavyolia. Hamia kushoto, mahali palepale pa ukingo, kina kilekile. Mlio ukiwa mkubwa upande mmoja, upande huo unavuta zaidi. Sawazisha kwa parafujo ya kusimamishia kipepeo mpaka milio miwili iwe ndugu. Mwenye kipimo cha kuvuta hewa atapata usahihi zaidi, lakini sikio la mtu aliyezoea kusikiliza mashini linafika mbali. Weka nywele, mikono ya nguo na vitambaa mbali na mkanda na feni.

Rudisha kifimbo, ukirekebisha urefu wake hadi kiingie bila kusukuma kipepeo cha upande wowote. Kisha mwambie mtu abonye pedali polepole, moteri ifike mizunguko 2,000 hivi, isikilize tena pande mbili. Usiliruke jambo hili. Kwenye Solex hizi za kombi, ralanti haitokani na vipepeo hasa. Kuna njia ya pamoja ndani ya karburateri ya kushoto inayolisha pande zote mbili. Kwa hiyo gari inaweza kuwa tulivu kabisa ikisimama, na bado karburateri zake zikagombana barabarani.

Ralanti yenyewe unaiweka kwa parafujo za njia hiyo ya pamoja, moja ya mwendo na moja ya mchanganyiko, si kwa kufungua vipepeo. Lengo ni mizunguko 850 hivi kwa dakika. Parafujo ya mchanganyiko igeuze robo kwa robo, ngoja moteri ijibu, kisha endelea. Kabla hujaigusa mara ya kwanza, ifunge taratibu mpaka iguse mwisho huku ukihesabu mizunguko, andika hesabu, kisha uirudishe ilipokuwa. Usiikaze kwa nguvu, ncha yake inaharibika na haitasikia tena. Ralanti ikikataa kabisa, angalia vile vidude vya umeme vinavyofunga esansi ukizima kontakti. Vikipata umeme vinatoa sauti ndogo, "tak". Kisichosema, waya wake umechomoka au kimekufa.

Tena kuna jambo la nchi yetu. Lubumbashi iko karibu mita 1,200 juu ya bahari, Kolwezi zaidi ya 1,400. Hewa ya huku ni nyepesi kuliko ya Matadi, lakini jikleri ya karburateri haijui, inapima esansi ileile. Gari iliyorekebishwa vizuri bandarini ikifika kwetu inakuwa na esansi nyingi kwa hewa kidogo: buji nyeusi, harufu, nguvu pungufu. Aliyeleta gari kutoka pwani airekebishe upya hapa.

Na sasa neno ambalo tungependa likatwe na kubandikwa ukutani kwa kila fundi wa kambi. Moteri ikikataa kuwaka, usimwage esansi kwa chupa ndani ya koo la karburateri huku mwenzako akizungusha demareri. Moteri ikirudisha moto nyuma, mwali unapanda kooni, unashika chupa, unashika mkono, unashika uso wa aliyeinama. Filitiri ya hewa haizuii vumbi tu, inazuia na mwali huo. Ikiwa imetolewa, uso usiwe juu ya karburateri mtu anapowasha.

SI MALARIA SIKU ZOTE

Esansi nyingi kupita kiasi haileti harufu peke yake. Inapoungua vibaya inatoa gazi ya monoksidi ya kaboni, ile ile inayotufanya tungoje hewa isafishwe baada ya baruti kabla ya kurudi kwenye mwamba. Gazi hiyo haina harufu, haina rangi. Na kombi ina njia ya kuileta ndani: joto la kupasha miguu ya dereva linapita kando ya mabomba ya moshi, ndani ya masanduku ya bati. Bati likioza kwa kutu, moshi unaingia pamoja na joto. Vilevile jwenti ya moshi ikipulizwa, au mlango wa nyuma usipofunga, moshi unanyonywa ndani gari ikitembea. Watu wengi wanaufungua mlango wa nyuma makusudi ili harufu ya esansi itoke. Wanafanya kinyume!

Mtoto aliyelala nyuma anaamka anaumwa kichwa, anatapika, miguu haina nguvu. Mama anasema: malaria. Inawezekana. Lakini jiulizeni: je, na wengine garini wanaumwa kichwa? Je, waliokaa mbele ni wazima kuliko wa nyuma? Je, mtoto anapata nafuu akikaa nje kwenye hewa? Kama ni hivyo, mpeleke hospitali upesi na umwambie munganga wazi kwamba alikuwa ndani ya gari yenye moshi. Asipojua, atatafuta homa. Anayezimia atolewe kwenye hewa safi kwanza, kabla ya neno lingine lolote. Kwa kombi yenye shaka, hakuna mtoto wa kulala juu ya moteri, na hakuna kuwasha moteri ndani ya garaji iliyofungwa, hata dakika tano za kupasha joto.

Kuhusu esansi yenyewe nyumbani, maneno machache. Anayenunua kwa wale tunaowaita kadhafi anajua kwamba chupa ya barabarani inaweza kuwa na maji, mafuta ya taa au mchanga. Apitishe kwenye kitambaa safi na filitiri iwe mpya, maana mchanga ndio unaozuia sindano kufunga. Bidoni isikae jikoni wala chumbani. Isitiwe kamwe kwenye chupa ya bia au ya limonade, mtoto mwenye kiu hasomi. Akinywa, usimtapishe: esansi ikipanda inaingia mapafuni na huko ndiko inakoua. Mkimbize hospitali. Hatari ni ile ile kwa mtu mzima anayevuta esansi kwa mdomo kutoka kwenye tangi. Na usinawe mikono kwa esansi baada ya kazi. Ina benzini, ambayo ni adui wa damu, tena inakausha ngozi mpaka ipasuke. Sabuni na majivu vinatosha.

Ukimaliza kurekebisha, andika kwenye daftari tarehe, mizunguko ya kila parafujo na rangi ya kila buji. Endesha kilomita mia, toa buji, linganisha na ulichoandika. Usiku ule tandika katoni safi chini ya moteri. Asubuhi, kabla ya kuwasha, itoe uitazame kwenye mwanga: mafuta ya moteri yanaacha doa jeusi lenye utelezi, esansi inakauka na kuacha alama ya manjano ambayo bado inanuka. Ukiona alama hiyo, weka ufunguo wa kontakti mfukoni, fungua mlango wa moteri, na uanze na upande ule ambao doa limeangukia.